Kasi Tuliyoipata kwa Kupunguza Kiini

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikuwa mwendeshaji wa kompyuta katika ofisi ya utafiti wa madini, Shinyanga mjini. Niliingiza majibu ya sampuli za udongo kutoka Bugarama na Segese, mashine ikayapanga, kisha printa ikatoa ramani ya kuwaonyesha watu wetu wapi pa kuchimba mahandaki ya majaribio. Mashine ilikuwa nzito. Ukiiamuru ipange majibu ya eneo moja, ulitoka kwenda kunywa uji ukarudi. Mimi haikunikera. Ilimkera mwenzangu, kijana msomi aliyekuwa ametoka kurejea kutoka masomoni Ulaya.

Alisema tatizo liko kwenye kiini, yaani ile programu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa na kuziamrisha nyingine zote. Kiini chetu kilibeba maelekezo ya vifaa chungu nzima tusivyokuwa navyo. Alitaka kukifumua, atupe yasiyotuhusu, akiunde upya.

"Tutapata nini?" nikamuuliza.

"Kasi."

"Na kikiharibika?"

"Dada, wewe ulifundishwa kutumia. Mimi nilifundishwa kutengeneza."

Mkuu wetu wa ofisi alipenda neno kasi, akamruhusu. Wiki nzima mashine ikawa ya mwenzangu peke yake, na sampuli zikarundikana hadi kwenye korido. Alipomaliza, kasi kweli iliongezeka: uji sasa ulitakiwa kunywewa haraka kidogo. Mkuu akampongeza mbele ya watu wote. Haukupita muda, mwenzangu akapata kazi Dar es Salaam akaondoka.

Kisha printa ikafa. Tukaletewa nyingine ya aina tofauti. Nikaiunganisha, mashine ikawa kama haina habari nayo. Maelekezo ya printa hiyo mpya yalikuwa miongoni mwa yale aliyoyatupa mwenzangu. Nikazitafuta disketi za kiini cha asili, nikakuta ameandika kiini chake humohumo, cha asili kikafutika, kwa kuwa disketi zilikuwa adimu.

Nikamwomba mkuu anipe muda ninakili majibu kwa mkono kutoka kwenye kioo cha mashine.

"Mvua zinakaribia," akasema. "Wachimbaji watatumia ramani ya zamani."

Ile ramani ya zamani ilikuwa ya kukisia. Wakaenda nayo Bugarama, wakapasua handaki katikati ya shamba la mihogo la mama mmoja mjane, wakachukua udongo wao, wakaondoka bila kufukia. Ndama wake akatumbukia akavunjika mguu. Mama akaja hadi Segese kwenye kambi ya wachimbaji wetu kulalamika, nami nikatumwa shambani kwake kumtuliza, eti kwa sababu ni mwanamke na ninajua Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

Akaitikia, kwani salamu hainyimwi mtu. Kisha akanionyesha mihogo iliyong'olewa ikiwa bado michanga. "Walisema mashine imewaonyesha hapa," akasema. "Mashine yenu ilinionea nini mimi?"

Nilikataa kuondoka mpaka vibarua wetu wafukie shimo lile, na mkuu aliponifokea kwa kuwachelewesha, nilimfokea na mimi.

Aliyetuokoa ni mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na duka la redio mjini. Mpwa wake aliyeko Nairobi alifanya kazi na mashine kama yetu, akatutumia disketi za asili. Nikarudisha kiini kilivyokuwa. Printa ikaanza kuchapa siku ileile, polepole, na ramani mpya ikaonyesha kwamba shambani kwa yule mama hapakuwa na kitu cha kutafuta.

Baadaye mwenzangu alipita ofisini kutusalimu. Nikamsimulia yote, mihogo na ndama.

"Hilo ni tatizo la printa," akasema. "Lakini kasi si uliiona?"

Nikamwambia atoke chumbani kwangu. Alidhani natania, mpaka nilipomfungulia mlango.

Watu bado huniuliza kama kuna faida ya kufumua kiini cha mfumo. Ipo, kama kuna kazi inayokwama bila kufanya hivyo, kama umehifadhi cha asili, na kama wewe mwenyewe utakuwepo siku kitakapogoma. Yule hakuwa na hata moja kati ya hayo. Alikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba anaweza, na gharama yake ikamwangukia mjane ambaye hajawahi kuiona kompyuta.