Fundi Aliyefuta Ng'ombe 1,312 wa Mukurweini

Ati mwezi ukiisha, kila kompyuta yenye mfumo wa zamani itajifunga yenyewe na kumeza vyote vilivyomo. Maneno hayo yalimfikia Watiri mahali pa kukusanyia maziwa, Mukurweini, mwezi wa Juni, na kwa siku kumi na mbili hayakumtoka. Akikamua, yapo. Akisali, yapo.

Leo, mwezi wa Septemba, saa mbili asubuhi, viatu vimejaa matope na daftari liko kwapani. Anapiga hodi boma baada ya boma.

"Mko na ile karatasi ya ng'ombe?" anauliza.

Hapa wanaichomoa kwenye paa la zizi. Panya wamekula nusu yake.

Watiri, mama wa miaka 48 aliyeishia darasa la nane, hutunza kumbukumbu za kikundi cha wafugaji wadogo kwa mshahara wa Sh9,000 kwa mwezi. Kila ng'ombe akipandishwa, yeye huandika tarehe na jina la fahali aliyetoa mbegu. Bila jina hilo, mtamba anaweza kupewa mbegu ya babake mzazi, na ndama akazaliwa dhaifu.

Miaka sita ya kazi hiyo ilikaa ndani ya kompyuta kuukuu inayotumia mfumo wa Linux, juu ya rafu ya sebuleni. Bintiye Nduta, mwalimu huko Chaka, ndiye aliyeitengeneza iwe seva, mashine ya kufikiwa kutoka mbali. Simiyu, mpandishaji wa ng'ombe ambaye kila mtu humwita Daktari, alikuwa akizifungua kumbukumbu kwa simu akiwa zizini.

Siku ya kumi na mbili, Watiri alimpigia bintiye kumwuliza juu ya uvumi ule.

"Mama, hakuna kompyuta inajifunga," Nduta alimjibu. "Mfumo umezeeka tu, hautaletewa tena marekebisho ya usalama. Nitakuja likizo ya Agosti tuuboreshe polepole. Usiguse!"

Lakini hofu ya mama haina kalenda. Kesho yake Lennox, fundi wa simu pale sokoni, alibisha mlangoni.

"Mum, hiyo yako nitaimaliza dakika ishirini tu."

Watiri akamwonyesha rafu, kisha akaingia jikoni kupika chai. Huku mgeni haondoki na midomo mikavu, na fundi hasimamiwi kama mwizi. Kuni zilikuwa mbichi. Chai ilichukua dakika arobaini.

Lennox alikuja mikono mitupu, bila hata flashi. Kando ya mashine aliona diski ndogo, akaifuta ili abebee mfumo mpya. Diski hiyo ndiyo iliyokuwa na nakala pekee ya kumbukumbu zote. Kisha akaifuta na mashine yenyewe, akaweka mfumo upya. Kuboresha ni kubadilisha paa watu wakiwa salama ndani. Yeye alibomoa nyumba.

"Sasa iko mpya kabisa," alisema, akipokea kikombe.

"Na ng'ombe ziko wapi?"

"Ng'ombe gani?"

Watiri anapolisimulia jambo hili, sauti inapanda mpaka mbwa wa boma anaanza kubweka. "Aliniambia sikumwambia kuna kitu ndani! Nani huwasha sanduku tupu miaka sita? Na chai akamaliza!"

Kinachomchoma zaidi alikijua baadaye: uvumi wenyewe ulianzia kwa Lennox. Alikuwa akiuza dawa ya ugonjwa alioutangaza mwenyewe.

Kwa siku tatu Watiri hakumwambia mtu, kwa aibu. Siku ya nne Simiyu alipiga simu kutoka kwa mzee Dedan, mmoja wa wafugaji. Mtamba yuko joto, anataka kupandishwa, na mbegu iko tayari.

"Mama Nduta, mbona sioni kitu kwa simu? Baba ya huyu ni nani?"

"Sijui, Daktari. Zimepotea zote."

Simiyu alifunga mkoba wake mpaka joto la mtamba lirudi tena. Dedan alipaza sauti hata Watiri akamsikia. "Siku ishirini na moja! Mimi ningoje siku ishirini na moja juu ya kompyuta?"

Viongozi wa kikundi wamempa hadi mwisho wa Septemba azirudishe kumbukumbu, la sivyo kazi itapewa mwingine. Kufikia leo amepata ng'ombe 538 kati ya 1,312 waliofutwa, kutoka karatasi ambazo Simiyu huwaachia wafugaji: ndani ya Biblia, chini ya godoro, nyuma ya kalenda.

Nduta alikuja Agosti kama alivyoahidi. Sasa kila Jumapili nakala moja inakwenda Chaka, na nyingine inafungiwa kabatini. Watiri anapanga kumaliza upande wa bondeni wiki hii, kisha avuke mto.

"Kazi yangu sitaiachilia," anasema. "Lakini waandikie wengine haya, wasilie kama mimi."

Usimwamini anayekuletea uvumi na dawa yake pamoja.

Usiguse mfumo kabla hujaona nakala ikifunguka kwa mashine nyingine.

Usiache nakala kando ya mashine.

Usiboreshe siku ya mvua, stima ikipotea katikati utajuta.

Usimwache fundi peke yake, hata akiwa mtoto wa jirani.

Usilipe kabla hujafungua vitu vyako vya zamani ukavisoma.

Na janga likikupata, usinyamaze kwa aibu. Sema siku hiyo hiyo.