Virgule Niliyoifuta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kompyuta. Nilipewa makopo matatu matupu ya maziwa ya unga na kipande cha chaki. Shefu wa Biro, mzee aliyefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kusimamia ofisi ya hospitali yetu mjini Baraka, aliyapanga mezani na kuniambia niandike jina kwenye kila kopo: uzito, umri, dawa. Nilikuwa msichana niliyerudi juzi tu kutoka ukimbizini Tanzania, ng'ambo ya ziwa, ambako nilijifunza kupiga chapa. Nilidhani nimeajiriwa kuandika barua.

"Tia maharagi tano mu kopo ya uzito," akasema. "Iko ngapi?"

"Tano, Shefu."

"Mwaga yote, tia mbili. Sasa iko ngapi?"

"Mbili."

"Na zile tano?"

"Haziko tena."

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo. "Machine haikumbukake ya jana. Inajua tu yenye iko ndani ya kopo sasa. Kama uliandika 'uzito' na ukatia umri, itapiga hesabu na umri, na haitakuuliza kitu."

Hilo ndilo somo la kwanza katika kuandika programu. Kopo lenye jina tunaliita variable, na ninyi mliosoma vitabu vya Tanzania huenda mnaliita kigeu. Nilitumia wiki nzima na makopo yale kabla ya kuruhusiwa kugusa kompyuta, ambayo ilikuwa moja, inalishwa na mitambo ya jua, na Shefu aliifunika kwa kitambaa kila aliposimama.

Kosa langu la kwanza lilimwangukia mama mmoja wa Lweba. Niliandika programu ya kuita wagonjwa kwa foleni: unampa mashine orodha, halafu unaiambia irudie kazi ileile kwa kila jina mpaka majina yaishe. Kurudia huko kunaitwa boucle, yaani kitanzi. Nikaiambia ianze na namba moja. Asubuhi hiyo mama yule alikaa kwenye benchi mpaka saa sita, akiona wenzake wanaitwa mmoja mmoja, mpaka akaja dirishani.

"Mwanangu, miye nilifika wa kwanza. Nimekosa nini?"

Hakuwa amekosa kitu. Lugha tuliyotumia wakati ule ilihesabu kuanzia sifuri. Kwa lugha hiyo mtu wa kwanza yuko kwenye nafasi ya sifuri, wa pili kwenye nafasi ya moja. Mimi nilikuwa nimemruka. Nilimshika mkono, nikampeleka mimi mwenyewe kwa daktari. Baadaye nilikutana na lugha nyingine zinazohesabu kuanzia moja kama sisi watu. Kwa hiyo ukiingia katika lugha mpya, jambo la kwanza kuuliza ni hilo: hapa mtu wa kwanza anaitwa ngapi?

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Mboko, kwenye kituo kidogo cha afya kando ya barabara ya Uvira. Msimamizi wangu huko alikuwa Sista Mkuu, mwanamke mkali aliyependa kila kitu kiandikwe mara mbili. Huko tulianza kutumia kurasa zinazofunguka ndani ya simu na kompyuta, na nikalazimika kujua lugha tatu za programu kwa pamoja: JavaScript, PHP na Python. Siku moja Sista aliniita, kidole chake kikiwa kwenye kioo.

"Asubuhi tulichanja batoto tatu. Mangaribi bane. Machine yako inasema makumi tatu na bane. Hao bengine tulibachanjia wapi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Ukweli ni kwamba mashine huona namba kwa namna mbili. Kuna nne ambayo ni hesabu, na kuna nne ambayo ni maandishi tu, kama herufi ya jina lako. Mtu akiandika kwenye kisanduku cha ukurasa, mara nyingi inaingia kama maandishi. Sasa jaribu kujumlisha tatu ya maandishi na nne ya hesabu. JavaScript haisemi kitu, inazibandika ubavu kwa ubavu, unapata 34. PHP inakisia kwamba ulitaka hesabu, inakupa 7. Python inakataa kabisa, inasimama na kukuandikia kosa. Zamani nilikuwa naichukia Python kwa tabia hiyo. Niliona inanichelewesha.

Hapo ndipo napaswa kueleza habari ya Misisi, kituo chetu cha afya kwenye machimbo ya dhahabu. Vijana wengi wameisikia vibaya, na mimi ndiye niliyefanya kosa lile.

Nilikuwa nimerudishwa Baraka, na Daktari Mkurugenzi wa hospitali aliniagiza niandike upya programu ya kupima dawa za watoto: muuguzi anaandika uzito, mashine inamwambia kipimo. Ile ya zamani ilikuwa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, na Kifaransa huandika nusu kwa alama ya mkato, virgule. Kilo mbili na nusu ni 2,5. Nilipohamia Python, kila virgule ilileta kosa, kwa sababu lugha nyingi za kompyuta zinataka nukta: 2.5. Nikafungua kitabu cha maelezo, kilichoandikwa na watu wa Kiingereza, nikasoma kwamba virgule ni ya kutenga maelfu tu na inaweza kuondolewa. Nikaandika mstari mmoja wa kufuta kila virgule, bila kukumbuka kwamba kwetu ndiyo inayobeba nusu. Kosa likatoweka. Nikajaribu kwa kilo nane, kilo kumi, kilo kumi na mbili. Yote sawa. Sikujaribu nusu hata mara moja. Nikaituma Misisi.

Mtoto wa kwanza kupimwa kwa programu ile alikuwa mchanga, wa kilo mbili na nusu, ana homa. Muuguzi aliyeitwa Furaha, ambaye alikuwa na wiki mbili tu kazini, aliandika 2,5. Programu ikafuta virgule, ikabaki na 25, ikatoa kipimo cha mtoto wa shule. Furaha alimpa kama ilivyoandikwa. Mchana mtoto alilegea, hakunyonya tena. Muuguzi mkuu aliona chupa ilivyopungua, akapiga kelele, wakamwekea mtoto serum, maji ya kupitia mshipani.

Habari zilipofika Baraka, zilifika hivi: muuguzi mpya amezidisha dawa. Daktari Mkurugenzi alikuwa tayari ameandika barua ya kumfukuza. Mimi nilihuzunika kama kila mtu. Kisha nikauliza uzito wa mtoto, nikajibiwa "mbili virgule tano". Nilikwenda kwenye kompyuta, nikaandika 2,5, nikaona kipimo kilichotoka. Nilikaa pale bila kuondoa mkono kwenye mashine.

Sitawadanganya. Niliwaza kurekebisha mstari ule kimya kimya. Nilikuwa na watoto shuleni na hakuna mtu mwingine pale aliyejua kusoma programu. Lakini nilimwona Furaha kichwani, akikunja nguo zake Misisi, akiamini kwamba nusura aue mtoto wa mtu. Nikabisha hodi kwa Daktari.

"Dokta, ile barua usiitume. Ni miye."

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Kisha akaichana barua ya Furaha vipande viwili, akaviweka mezani. "Miye pia niliitia sahihi hiyo programu bila kujaribu," akasema. "Lakini mama wa mutoto hapana kuambiwa na karatasi. Utaenda."

Nilikwenda kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Mtoto alikuwa bado chini ya serum. Mama yake aliitwa Bitisho, anauza unga wa muhogo kwa wachimba dhahabu. Furaha alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, hakuwa ameondoka tangu siku ile, na mama hakuwa amemfukuza. Nilipiga magoti, nikasema ni kosa langu na si la muuguzi. Furaha akaanza kulia kwa sauti.

"Nionyeshe," Bitisho akasema.

Nikaandika kwenye karatasi 2,5, kisha 25. Aliweka kidole chake juu ya ile virgule, akaifunika, akaifunua.

"Hii tu?"

"Hii tu, mama."

"Na mutoto mwingine kesho?"

"Nimeisha kutengeneza. Lakini siondoki hapa mpaka nikuone unabeba wako nyumbani."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Alisogea kidogo kwenye mkeka, nikakaa. Siku ya tatu mtoto alinyonya. Tulikuwa wanawake watatu tunaangalia mdomo mdogo ule kama watu wanaoangalia mvua ya kwanza, na Furaha ndiye aliyesema, "Anavuta, anavuta kwa nguvu." Bitisho akajifunika uso kwa kitenge.

Tangu hapo nilibadilika katika kazi. Nilianza kuipenda lugha inayokataa na kusimama. Ile inayoendelea kimya ndiyo ninayoiogopa. Kila programu mpya niliipeleka kwa wauguzi kwanza, nikawaambia waandike upuuzi wote wanaoweza: virgule, nukta, herufi, uzito wa tembo, kisanduku kitupu. Furaha alikuwa hodari kuliko wote wa kuivunja. Leo yeye ndiye muuguzi mkuu wa Misisi.

Macho yalipoanza kunishinda niliomba kustaafu, nikarudi kwetu Lweba. Kazi nilimwachia binti anayeitwa Sifa, aliyesoma Bukavu. Wiki ya kukabidhiana tulipitia programu mstari kwa mstari. Kwenye programu unaweza kuandika maneno ambayo mashine huyaruka, yaani maelezo kwa ajili ya mtu atakayekuja baadaye. Juu ya mahali pa uzito nilikuwa nimeandika, kwa Kiswahili, habari yote ya virgule, jina langu, na kwamba mtoto alipona. Sifa alisoma polepole, akashuka kwenye mstari uliofuata.

Mwaka huu alinipigia simu. Wanahamisha kila kitu tena, kwenda lugha mpya ambayo mimi siijui hata jina lake vizuri. Mistari yangu yote itafutwa.

"Ni sawa, mwanangu," nikasema. "Kazi ni vile."

"Hapana yote, Mama," akasema. "Kabla sijaandika kitu, nilichukua yale maneno yako ya virgule, nikayaweka juu kabisa. Njo nikaanza."