Mpaka Apone

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nikisikia mtoto akijikuna: siku niliyomtandikia mdogo wangu Zuhura mkeka wa peke yake nyuma ya jiko, nikamwambia asitoke hapo bila ruhusa yangu. Alikuwa na miaka minane.

Baba na mama walikuwa wametangulia mbele ya haki, mmoja baada ya mwingine, nami nikaacha shule darasa la tano ili niwalee wadogo zangu wawili, Saidi na huyo Zuhura. Mkubwa ni jalala, husema watu, na mimi niliyapokea yote. Niliwaahidi jambo moja tu: hatutatengana.

Zuhura aliwashwa tangu anatambaa. Nyuma ya magoti na kwenye vikunjo vya mikono ngozi ilikuwa kavu, ngumu, yenye mipasuko. Akijikuna hutoka majimaji, kisha damu. Ziko wiki ilitulia kabisa tukasahau, halafu ikarudi, nami sikujua imetoka wapi.

Miaka hiyo ndipo walipogundua gesi baharini kwetu. Wageni walijaa mjini kwetu Palma, magari yakatimua vumbi kutwa, na kila tusilolielewa tuliitwika gesi. Samaki wakipungua, gesi. Kuku wakifa, gesi. Basi jirani mmoja akaniambia maji ya kisima yameharibika, nimwogeshe mtoto kwa maji ya bahari. Mwingine akasema ni pweza anaokula. Wa tatu akasema jini. Wa nne akanicheka: upele huo, mpake msiro. Wazee husema penye wengi hapaharibiki neno. Husema pia penye wengi pana mengi. Hawakuniambia siku ipi nifuate lipi.

Msiro wanawake wa pwani yetu twaujua: kigogo cha mti twakisugua juu ya jiwe kwa maji, tukapata uji mweupe wa kupaka usoni. Nikawaza, kinachofaa uso wa mwari kitafaa mguu wa mtoto. Nikampaka mwili mzima. Ulipokauka ukamvuta ngozi, akalia. Siku tatu baadaye akatulia, nikausifu msiro. Wiki iliyofuata akachanika upya, nikaulaani. Maji ya bahari nayo vivyo hivyo. Sikujua kwamba maradhi yale hupanda na kushuka yenyewe, na kwamba dawa yoyote niliyompaka siku mbaya ilikuja kuchukua sifa ya siku nzuri. Nilikuwa kama mtu anayeulizwa njia katika mji asioujua.

Ndipo shangazi yetu wa kijiji cha Nhica akatuma salamu: kesho anakuja kumchukua Zuhura, akae kwake mpaka apone, asije akatuambukiza sote. Alikuwa na nia njema. Nami, kwa kuchoka, niliona ni busara. Hapo ndipo nilipotandika mkeka ule.

Mchana akapita Bibi Mwanaisha, jirani yetu aliyekamua mafuta ya nazi, akamkuta mtoto anakula peke yake.

"Huyu kafanya kosa gani?"

"Hana kosa, bibi. Ana upele, naogopa atatuambukiza."

"Anawashwa tangu lini?"

"Tangu mama yupo."

"Na wewe umelala naye mkeka mmoja miaka mingapi?"

"Saba, bibi. Minane."

"Basi nioneshe upele wako."

Nikatazama mikono yangu kama si yangu. Zuhura akasema kule nyuma ya jiko, "Mimi nilimwambia, bibi. Akasema watoto hawajui."

"Wewe," Bibi akanigeukia, "akili zako nazo umewapa wenye gesi wakachimbe? Kuuliza si ujinga, lakini umeuliza mtaa mzima ukabakiza hospitali."

Asubuhi yake, kabla shangazi hajafika, tukaenda kwa miguu hadi kituo cha afya. Muuguzi, dada wa makamo, alimtazama Zuhura kila kikunjo, kisha akaniuliza kama nyumbani yupo mwenye pumu. Nikamkumbuka mama, alivyokuwa akihema kwa mluzi.

"Hii nayo ni pumu, ila ya ngozi," akasema. "Haiambukizi. Si uchafu, si jini."

"Na gesi?"

"Dada, si umesema kaanza kuwashwa kabla ya hao wa gesi kuja?"

"Atapona lini?"

"Huenda akikua itapungua. Huenda isiishe. Mtaishi nayo, mtajifunza tabia zake."

Njia nzima niliyageuza maneno hayo. Nilikuwa nimekwenda kutafuta siku ya kupona, nikarudi bila siku. Tukamkuta shangazi kibarazani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtoto yuko tayari?"

"Haendi, shangazi."

"Si nilisema mpaka apone tu?"

"Wanasema huenda asipone. Sasa ukimchukua, utamrudisha lini?"

Akasema, "Kichwa chako kigumu kama cha baba yako," akavua kanga ya juu, akaingia jikoni kutusaidia kukuna nazi.

Mwanangu, kwa nini ngozi moja huwaka na ya pili yake hulala, hata leo sijui. Lakini haya nayajua. Mwenye ngozi hiyo aoge upesi, kwa maji yasiyo moto, bila sabuni ya manukato, na apakwe mafuta mazito yasiyo na harufu ngozi ingali na unyevu, kila siku, hata siku asiyowashwa. Pomada, ile dawa ya kupaka waliyotupa hospitali, ni ya siku mbaya, na kwa kadiri waliyosema. Kucha ziwe fupi, nguo ziwe za pamba. Kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, mrudishe. Na nyumba nzima mkiwashwa, hilo ni jingine, la kuambukizana, nendeni wote. Zuhura sasa ana watoto wake, na vumbi likizidi bado hujikuna.

Ukishindwa kulielewa jambo, usilimalize kwa kumwondoa mtu. Mwenyezi Mungu akupe subira na usiyoyajua, akulinde wewe na wadogo zako, na akukubalie mkono wako kila unapompaka mgonjwa mafuta. Amin.