Nilivyokalia Koki ya Bustani Mpaka Tangi Likakauka

Mtu akikuambia kwamba zamani, pale Shangani ya Mtwara, alimwona karani mmoja mwenye kanzu nyeupe amekaa juu ya koki inayorusha maji huku akiitikia salamu za watu wanaokwenda msikitini, usimwite mwongo, wala usihangaike kuuliza karani huyo alikuwa nani, maana ni mimi, na nimechoka kuisikia habari hii ikisimuliwa vibaya. Wengine husema nilikuwa uchi (si kweli, kanzu nilikuwa nayo, ingawa ilikuwa imenigandia mwilini hata heri ningekuwa sina). Wengine husema nililia. Uso mzima ulikuwa unachuruzika maji, nani aliyeweza kuyatenga machozi? Afadhali niieleze mwenyewe, kwa taratibu yake.

Miaka ile mji ulikuwa ukijengwa mbiombio, bandari mpya, barabara mpya, nyumba za Wazungu zikiota Shangani moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa karani wa ghala la vyuma, yaani mabomba, spana, nati na misumari. Mkubwa wetu tulimwita Bwana Inginia. Mtu huyo alikuwa amejitengenezea nyumbani kwake kitu ambacho sikuwahi kukiona: alizika mabomba chini ya ukoka wa mbele ya nyumba, akaacha vichwa sita vya shaba vimechomoza usawa wa majani, na jioni akizungusha gurudumu dogo la koki iliyo kando ya baraza, vile vichwa vyote huanza kuzunguka vyenyewe na kunyesha mvua. Mvua katikati ya kiangazi! Kwetu Ziwani mama zetu waliondoka alfajiri na mitungi wakarudi jua limeshapanda, na hapa yananyweshwa majani ambayo hata mbuzi haruhusiwi kuyala. Wivu sikuona. Nilichoona ni udadisi. Kila Ijumaa nikipita pale kutoka ghalani kwenda kuswali, nilisimama kwenye ua wa michongoma nikaitazama ile koki na kujiuliza: gurudumu likizungushwa, kule ndani kunatokea nini hasa?

Yaya wa nyumba hiyo alikuwa Somoe, mtoto wa mjomba wangu. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani, na Somoe hakuacha siku ipite bila kuutumia utani wake. Aliniita mume wangu mbele ya mke wangu, na mke wangu akacheka. Mwavuli wangu aliuchukua mkononi mwangu kweupe, mbele ya watu, nikaukomboa kwa kuku, kwa sababu kitu kikishashikwa na mtani hakidaiwi kwa maneno matupu. Na mwezi mmoja kabla ya mkasa huu aliniambia kwamba Bwana Inginia ameniachia barua nyuma ya banda la bata mzinga. "Si utani, mume wangu, nenda kaichukue." Nikaenda. Barua haikuwapo. Aliyekuwapo ni bata mzinga dume, naye alinikimbiza kutoka bandani mpaka langoni, kofia mkononi na kanzu nimeikunja magotini, Somoe na mpishi wameshikana mabega kwa kucheka.

Shikeni hilo, maana bila hilo mtaniona mpumbavu kuliko nilivyokuwa.

Juma lile Bwana na Memsahib walikwenda Lindi na mtoto wao, warudi Jumamosi. Mpishi alikuwa likizo. Nyumba aliachiwa Somoe, pamoja na neno moja la Memsahib: maji ya tangini yafike mpaka Jumanne, siku ya lori la maji, na tangi likikauka kabla ya hapo, Somoe afunge nguo zake arudi kwao. Halikuwa neno la kutisha tu. Yaya aliyemtangulia alisahau bomba la bafuni wazi, akaondoka siku ile ile. Na mshahara wa Somoe ndio uliomlisha mama yake na watoto wake wawili kule Ziwani, tangu alipofiwa na mumewe.

Ijumaa, yapata saa tano, nikapita. Nimetoka kuoga pale ghalani, kanzu imepigwa pasi, na mfukoni nina spana ya ghala (kwa nini mtu aende msikitini na spana? Niliisahau tu mfukoni nilipofunga ghala, sina jibu jingine). Somoe alikuwa amechutama karibu na koki, amekinga debe, na maji yanadondoka kutoka penye shingo ya gurudumu. Tap, tap, tap.

"Tangu juzi," akasema bila kuinua uso. "Nimemwendea fundi wa mabomba, naambiwa yuko Mikindani mpaka Jumatatu. Kila asubuhi nagonga tangi, kila asubuhi linalia utupu chini zaidi."

"Ngoja nikaze nati," nikamwambia.

"Wewe? Mume wangu, wewe unajua kuzihesabu nati. Kuzikaza ni kazi ya watu wengine."

Nikapiga goti, nikafunga spana, nikazungusha nusu mzunguko. Tap. Tukangoja. Tap. Tukangoja sana. Nikahesabu mpaka ishirini kabla ya tone jingine. Kwa mwendo huo maji yangefika Jumanne na yakabaki. Somoe akashusha pumzi, akaniangalia kwa namna ambayo ningeweza kuiita heshima.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kwaheri akaenda kuswali. Mimi nikatazama kile kifuniko cha shaba juu ya koki, chenye pande sita, sawasawa na mdomo wa spana yangu, nikasema, "Lakini mgonjwa ni washa, ile pete ya mpira iliyo ndani. Nifungue kidogo niitazame."

"Kama unafungua," akasema Somoe, "kafunge kwanza koki kubwa ya tangini."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya banda la bata mzinga."

Nikacheka. Nilicheka kicheko cha mtu ambaye safari hii hatashikwa. Nikamwambia, "Somoe, jongoo hupita njia hiyo mara moja tu."

"Si utani. Mimi humwona Bwana akiifunga kila akitengeneza. Lete hiyo spana nikafunge mwenyewe."

Alipoitaja spana na kunyoosha mkono, ndipo nikaamini kabisa kwamba nimemgundua. Spana ya ghala! Akiishika ile nitaikomboa kwa nini, mbuzi? Nikaigeuzia mgongo mikono yake, nikazungusha kifuniko mara moja, mara mbili, mara tatu. Mara ya nne hakikungoja kuzungushwa. Kiliruka kikapita karibu na sikio langu, kikaingia michongomani, na nyuma yake likaja tangi zima la maji, likanipiga kifuani, likanilaza chali juu ya ukoka. (Na washa sikuiona. Iliruka pamoja na kifuniko.)

Nikaweka kiganja. Maji yakatoka kati ya vidole. Nikaweka viganja viwili. Yakanipanda mikononi mpaka kwapani. Nikavua kofia yangu ya kazi ya sindano, nikaisokomeza, ikaruka juu kama kunguru. Na huku nyuma vile vichwa sita vikaamka kimoja kimoja, vikaanza kuzunguka. Kwa hiyo nikafanya lililobaki. Nikageuka, nikakaa juu yake.

"Somoe!" nikapiga kelele. "Koki ya tangi iko wapi?"

"Nyuma ya banda la bata mzinga!"

"Acha utani, maji yanakwisha!"

"Si utani!"

"Hata siku ile ulisema si utani!"

"Siku ile ulikuwa utani! Leo si utani! Nipe spana!"

"Nikikupa spana utakimbia nayo!"

Nawaambieni ukweli, wakati ule niliona ninasema maneno ya busara.

Sasa, nyumba ile ilikuwa kando ya njia iendayo msikitini, na saa ya Ijumaa ilikuwa imekaribia. Wakaanza kupita. Mtu wa kwanza akasimama penye ua, akatazama mvua inayonyesha nyumba moja tu, akanitazama mimi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu akasema, "Asalaam aleikum." Ningefanya nini? Nikaitikia. Akauliza habari za nyumbani. Nikasema njema. Akauliza watoto. Nikasema hawajambo, na hapo maji yakanipenya upande wa kushoto nikaruka, nikarudi nikakaa. Nyuma yake wakaja watatu, nao wakasalimu, kila mmoja na salamu yake kamili. Maji yaliyopita chini yangu yakafika mferejini, na habari ikafika kwenye kambi ya vibarua upesi kuliko maji yenyewe, kwa sababu kabla sijamaliza kuitikia nikaona kina mama wanne na madebe yao mferejini, wanachota bila haraka. Mmoja akaniita, "Karani, na kesho utakaa saa ngapi, ili tusichelewe?"

Somoe hakucheka. Hilo nililiona, na ningepaswa kulielewa. Alikuwa amesimama chini ya tangi anagonga kwa konzi, akagonga tena chini zaidi, uso umesawajika.

Aliyeniokoa, kama ile ni kuokolewa, ni Mzee Athumani fundi cherehani, naye alikuwa akipita kwenda msikitini, mtu wa Mikindani, asiye ndugu yangu wala mtani wangu. Nikamsihi: "Mzee wangu, shikamoo, nakuomba uende nyuma ya lile banda, unitazamie kama kuna koki."

"Marahaba," akasema. Akainua kanzu yake, akazunguka banda polepole. Tukamsikia bata mzinga. Tukamsikia Mzee Athumani akimwambia bata mzinga neno lisilofaa siku ya Ijumaa. Kisha akatokea tena.

"Ipo," akasema. "Kubwa. Inataka spana."

Nikampa yeye spana, nje ya mkono wa Somoe, mbele ya macho yake. Akaenda akafunga. Lakini maji yalikuwa yameshapungua chini yangu bila mtu kuyafunga, na vile vichwa sita vilikuwa vimetema mate mara ya mwisho na kunyamaza. Somoe akagonga tangi chini kabisa, likalia kama ngoma.

Hakunitukana. Akaingia ndani akafunga mlango. Mimi sala ilinipita, nikarudi Mtawanya, nilikokuwa nimepanga, kwa njia ya mashambani, kanzu rangi ya udongo, na kila mkorosho niliona unanisalimu.

Jumamosi mchana nilikuwa pale kabla gari halijafika. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri usiku kucha, lakini Memsahib alishuka, akaenda moja kwa moja kufungua bomba la jikoni, likakoroma tu. Akatoka barazani akamwita Somoe.

"Maji iko wapi?"

"Yamekwisha, Memsahib."

"Nani namaliza?"

Somoe akatazama sakafu. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake, na nilingoja anitaje, maana hii ilikuwa zawadi ambayo mtani huiota. Hakunitaja. Memsahib akauliza tena, kwa ukali, na Somoe akaendelea kutazama sakafu, na ndipo nikaelewa: mtani hukuvua nguo mbele ya ndugu zako mpaka ukose pa kujificha, lakini kwa wageni hakuuzi. Alikuwa tayari kufunga nguo zake arudi Ziwani na mdomo wake umefungwa.

Maneno mazuri yote yakanipotea. Nikasema, "Ni mimi."

Bwana Inginia akaja, akaitazama koki isiyo na kichwa, akanitazama mimi. "Wewe karani ya spana. Wewe hapana jua funga maji ya tangi kwanza?"

"Niliambiwa, Bwana."

"Nani naambia?"

"Somoe. Aliniambia na mahali ilipo."

"Sasa, kwa nini hapana funga?"

"Kwa sababu ni mtoto wa mjomba wangu, Bwana."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikajaribu kumweleza utani, nikaanza na mjomba, nikapita kwenye mwavuli na kuku, nikafika kwenye barua ambayo haikuwapo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe jinsi linavyokaa jambo hili likitolewa nje ya nyumba. Memsahib akamgeukia Somoe. "Kweli wewe naambia yeye?"

"Mara nne, Memsahib."

Memsahib akamtazama mumewe, akamtazama Somoe, akatikisa kichwa, akamwambia aingie ndani akafungue masanduku ya mtoto. Basi. Masanduku ya mtoto hayafunguliwi na mtu aliyefukuzwa. Mimi Bwana alinihamisha kutoka ghala la vyuma Jumatatu ile ile, akanipeleka kwenye saruji, ambako hakuna nati hata moja.

Somoe alinisindikiza mpaka langoni. Nilikuwa nimejikaza kungoja lake, jina jipya au wimbo, nilijua lazima atakuwa nao. Akasema, "Ahsante, kaka."

Tangu tukiwa watoto hajawahi kuniita kaka. Nikapapasa mfuko. Nikageuka kutazama kama kuna kitu amenifunga mgongoni. Hakuna. Mikono yake ilikuwa mitupu, na macho yake yalikuwa na maji, nami nilikuwa nimesimama pale napekua mfuko wangu mwenyewe kama mwizi, mpaka akachoka kungoja niitikie, akarudi ndani.

Nimeapa toka siku hiyo. Mtani akiniambia jambo, nakwenda kwanza nikaone kwa macho yangu, ndipo nicheke. Kicheko humngoja mtu hata mwaka mzima. Maji hayangoji, na shukrani nayo nimekuja kujua haingoji.