Walivyobeba nyumba ya Mzee Gathogo wakisema ni takataka

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, upande ule ambao lami inaishia na vumbi linachukua kazi.

Hiki kisa nimekaa nacho muda. Sijaongeza chumvi. Jina langu hapa ni la bandia kama yenu, kwa hivyo hata nikidanganya sipati faida yoyote. Majina ya wahusika nimeyabadilisha.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliachia darasa la saba, na tangu hapo ni kuzunguka. Nimechunga mbuzi za watu Mashuuru, nimepakia nyanya Rombo, nimebeba mawe ya mjengo hapa Kitengela. Ugonjwa wangu ni mmoja: siwezi kupita kitu bila kuuliza ni cha nini.

Ndivyo nilivyomjua Mzee Gathogo.

Alikuwa na ploti kwenye estate moja ya maisonette, zile nyumba za ghorofa zinazofanana. Majirani wote wana ukuta, geti jeusi na maua. Yeye alikuwa na seng'enge yenye geti la waya, chumba kimoja cha mabati ambamo alilala, na rundo.

Rundo kubwa, wakuu. Milango imeegemeana kama walevi. Madirisha ya chuma na grili zake. Sinki mbili. Mbao, mabati ya zamani, mawe ya kujengea, nondo zilizoshika kutu. Magugu yamepanda juu ya kila kitu.

Nikasimama kwa waya nikamuuliza, "Mzee, hii yote ni ya nini?"

Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia.

"Wewe ni wa kamati?"

"Hapana."

"Unanunua skrepu?"

"Hapana mzee. Nauliza tu."

"Basi ingia. Wengine wanakujanga kuniambia. Hakuna mtu hukuja kuuliza."

Akanitembeza. Lile dirisha refu lilikuwa la sitting room. Lile dogo lenye kioo cha ukungu, bafu. Mlango wa mbao nzito ulikuwa wa mbele, na ule wa bluu ulikuwa wa jikoni kwa sababu mkewe anapenda bluu. Aliongea kama mtu anayeonyesha mgeni vyumba, akipunguza sauti akifika "bedroom".

Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori la mawe. Kila mahali nyumba zilipobomolewa kupisha barabara, yeye alinunua kitu kimoja akarudi nacho. Mwaka huu dirisha, mwaka ujao mlango. Nyumba nzima ilikuwa pale, imelala chini.

Mkewe, Mama Muriithi, alikuwa amebaki Entarara kule karibu na Loitokitok, akiangalia shamba. Mzee alikuwa ameapa hatamleta Kitengela kulala kwa mabati kama mfanyakazi. Kila jioni alimpigia simu. Nilimsikia mwenyewe: "Nyumba iko, mama. Imebaki kuisimamisha tu."

Mama hakuwahi kuja kuiona. Mwanzo kulikuwa na ng'ombe wa kuangalia, halafu kukawa na magoti ya kuuma.

Sasa mtauliza, kama vitu vyote vipo, shida ni nini?

Asiyejua Kitengela asikie hapa. Udongo wetu ni ule mweusi wa black cotton. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza kiatu. Ukijenga juu yake, nyumba inagawanyika katikati kama mkate. Lazima uchimbe uutoe wote mpaka ufike murram, ule udongo mwekundu mgumu, halafu ujaze mawe. Watu wengi huku pesa yao huishia chini ya ardhi kabla ukuta haujaonekana.

Mzee alianza na vya juu. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka vibaya.

"Kijana, kila kitu ya nyumba unaweza nunua mtumba. Msingi ndio hakuna mtu anauza mtumba."

Majirani nao niwatendee haki. Waliita pale Dandora Ndogo, kama lile jalala la Nairobi, lakini hawakuwa watu wabaya tu. Kuna siku swila alitoka kwenye mawe ya mzee akaingia kwa jirani, na mtoto alikuwa anacheza verandani. Mzee mwenyewe ndiye alimuua kwa nondo. Mimi pia ningekuwa na mtoto pale ningeogopa.

Lakini si nyoka peke yake. Kamati ya estate ilipokuja getini, mwenyekiti wao, Mama Tasha, alianza na nyoka akamaliza na jambo lenyewe.

"Mzee, tunakuheshimu kama baba. Lakini mtu akikuja kuangalia nyumba ya kununua, anaona hii kwanza. Anageuza gari."

"Si ageuze," mzee akasema. "Kwani mimi nimemzuia?"

Muriithi alikuwa hapo. Huyu ni mtoto wa mzee, wa kuzaliwa, na anaishi kwenye moja ya hizo maisonette, upande wa pili wa barabara. Ni mtu wa kamati. Muda wote alikuwa anaangalia simu.

Alipita Lemayian, Mmaasai wa pale, na kondoo wake. Babake ndiye aliuza ardhi yote ya ile estate. Akasimama, akaegemea fimbo.

"Ero, mnagombania nini?"

"Takataka," Mama Tasha akamwambia.

"Aa. Mimi nimekulia hapa. Hii ilikuwa nyasi mpaka kule mtoni. Kama ni takataka, naona ni nyinyi wote na hizo ghorofa zenu. Lakini niliwaambia mtoe?"

Watu walicheka. Mzee alicheka mpaka akashika waya. Mama Tasha hakucheka.

Baada ya siku hiyo nilimwambia mzee, mimi sina mahali pa kulala pa maana na niko na mikono. Nipe kona ya chumba chako na chakula, nitachimba huo msingi.

Aliingia ndani akatoka na kamba na vigingi. Alikuwa navyo tayari, vimefungwa vizuri kwa gunia.

Tukapima. Tukachimba. Mzee alikuwa na miaka sabini na kitu lakini hakukubali kukaa. Akichoka, alisimama kwenye mtaro akanieleza mahali kitanda kitakaa ili mama aamke akiona jua.

Muriithi alikuja siku moja, akasimama juu ya mtaro na viatu vyake visafi.

"Baba, sasa umeanza kujichimbia kaburi?"

"Shuka uone vile iko," mzee akamwambia. "Hapa ndio mamako atapikia."

Hakushuka.

Tulipogonga murram upande wa mbele, mzee aliokota bonge, akalivunja, akalinusa. Kesho yake alioga, akavaa koti, akaenda Entarara kumleta mkewe aone mahali nyumba inasimama. Sijawahi kuona mtu mzima akitembea vile kwenda stage ya matatu.

Na hapa ndipo penye uchungu, wakuu. Ukisimama barabarani, ploti ilikuwa haijawahi kuwa mbaya kama wakati ule. Magugu tuliyong'oa, vilima vya udongo mweusi, milango tuliyoivuta kando kupisha mtaro. Siku nyumba ilipoanza kweli ndiyo siku uchafu ulizidi machoni mwa watu.

Lori lilikuja asubuhi ya Jumamosi. Muriithi mbele, vijana wa skrepu, wale wanunuzi wa vyuma chakavu, nyuma.

Nikamzuia getini. "Mzee hayuko. Ngoja arudi."

"Wewe ni nani hapa?"

"Ni mimi nachimba."

"Basi pumzika. Huyu ni babangu. Anaumia kwa hii kitu, na watu wananicheka mimi. Nikimngoja hataniruhusu hata siku moja."

Nilimpigia mzee. Kule Entarara ni mpakani, kuna wakati simu hushika mnara wa Tanzania. Mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena, wakiwa wanabeba.

Kitu sitasahau ni majirani. Walitoka wote. Kuna waliovaa glavu, kuna waliokuja na sepetu, mtu akaleta soda kreti nzima. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga kwa mzee walikuwa wanapokezana mawe wakiimba. Ilikuwa harambee kabisa. Mlango wa bluu ulienda juu ya lori, madirisha yakarushwa juu yake, nikasikia vioo. Mtaro wakaujaza na udongo wake wenyewe, wakausawazisha, wakatandaza nyasi ya kununuliwa. Mama Tasha alimwagilia maji kwa mkono wake.

Nilikuwa nimewasihi wauache huo mtaro, angalau huo. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Bro, mtoto anaweza anguka humo."

Mzee na mkewe walifika Jumatatu mchana. Mama alikuwa mfupi, kitambaa kichwani, kiondo mgongoni, anatembea kwa kushikilia lile gari lililowaleta. Mama Tasha na wengine walikuwa wamengoja pale nje, wana furaha. Wakapiga makofi.

"Karibu mama! Tumewasafishia!"

Mzee alisimama getini. Alikuwa anaangalia kama mtu aliyeshuka stage isiyo yake.

Mama aliangalia nyasi. Akaangalia kile chumba cha mabati. Akamgeukia mumewe.

"Iko wapi?"

Mzee akanyoosha mkono kuelekea kwenye nyasi, halafu akaushusha.

"Gathogo. Hiyo nyumba ulikuwa unaniambia. Iko wapi?"

"Ilikuwa hapa," mzee akasema.

Mama akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka. Akaniona mimi na matope yangu.

"Wewe kijana, umekuwa hapa. Kulikuwa na nyumba?"

"Ilikuwepo, mama. Madirisha, milango, kila kitu. Mlango wa jikoni ulikuwa wa bluu. Na msingi tulikuwa tumefika murram."

Hakuniamini, nilimwona. Mimi ni mtu wa kulala kwa mumewe, ningesema nini kingine? Akamwangalia mtoto wake.

"Muriithi. Ni ukweli?"

Wakuu, huyo mtu angesema neno moja tu. Majirani walikuwa wanamwangalia.

"Mama, ilikuwa takataka tu."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole. "Nilikuwa nikijua," akasema. Si kwa hasira. Ndiyo mbaya zaidi. Miaka yote ya simu za jioni, na lile rundo ndilo lilikuwa shahidi wa pekee wa mzee, likawa limepimwa kwa kilo na kuyeyushwa mahali sijui.

Alilala kwa Muriithi. Asubuhi akarudi Entarara.

Mzee hakugombana na mtu. Nilimwambia tuchimbe tena, nyasi hiyo haina mizizi. Akanijibu, "Nimchimbie nani?" Jioni zilizofuata simu ilikuwa mezani, hakuishika. Nilikaa wiki chache nikaona nakula chakula cha mtu asiyekula, nikaondoka.

Nilipita mwezi uliopita. Nyasi imeshika vizuri. Anakaa kwa kiti nje ya mabati, na watu wakipita wanamwambia, mzee, siku hizi kwako kunapendeza. Anasema asante.

Funzo sina la kutosha. Nyoka alikuwa wa kweli, na wale watu siku ile waliamini wanafanya wema. Ninachojua ni kwamba watu wengi huku kwetu wanajenga hivyo, kipande kwa kipande, na kabla nyumba haijasimama haiwezi kujitetea. Anayeijua ni mwenyewe, na yule aliyejisumbua kumuuliza. Na mtu kama mimi akisema, haihesabiki.

Kwa hivyo nawaomba, badala ya kuandika pole. Kama una rundo nyuma ya nyumba, matofali, mbao, gari lisilowaka, chochote ambacho majirani wanakisengenya, andika hapa chini ni cha nini. Sema ni chumba gani, ni cha nani.

Tusome tuwe wengi tunaojua, kabla lori halijafika.