Kamera Iliyohamisha Mpaka

Nasrin Swaleh ana studio ya picha Moshi mjini, nyuma kidogo ya soko, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Picha za pasipoti zilipopungua, kwa kuwa kila mtu sasa ana kamera mfukoni, aligeukia mandhari: mashamba ya mpunga ya Mabogini, maporomoko ya maji, na mlima, ambao wenye hoteli hawachoki kuutaka. Mwaka jana hoteli moja mpya ilimwagiza picha ya kujaza ukuta mzima wa mapokezi. Walitaka kilele cha Kibo, lakini Kibo ikiwa juu ya vihamba, yale mashamba yanayozunguka nyumba, huku migomba na kahawa vikionekana mbele.

Alizunguka sana kabla ya kupata mahali. Palikuwa juu ya mji mdogo wa Kwa Sadala, kwenye kihamba cha mjane mmoja aitwaye Elinipendo. Safu ya masale, mimea ya majani marefu iliyopandwa mpakani tangu enzi za babu, ilianzia njiani, ikapanda moja kwa moja kuelekea mlimani, ikavuka mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, na kupotea kwenye migomba. Juu ya yote, Kibo ilikuwa imekaa nyeupe.

Elinipendo alikuwa akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na hoteli, mama. Nataka kupiga picha ya mlima."

"Mlima unaonekana hata huko kwenu mjini."

Hata hivyo alimruhusu, kisha akasimama nyuma yake muda wote, panga mkononi. Nasrin hakujua kwamba upande wa kulia wa masale kulikuwa na kihamba cha Aminieli, mdogo wa marehemu mume wa Elinipendo, na kwamba wawili hao walikuwa wamefikishana kwenye baraza la ardhi la kata. Kila mmoja alidai mwenzake ameyasogeza masale. Walikuwa hawasalimiani.

Siku ile Nasrin alitumia kamera yake ya dijitali, inayotafuta yenyewe fokasi, yaani mahali pa kuonekana wazi. Mwanga ulikuwa bado hafifu, kwa hiyo alifungua tundu la lenzi likawa pana. Kamera ikalia kidogo, ikaukamata mlima. Alipomwonyesha mwenyeji wake, Elinipendo alivaa miwani akainama. Theluji ilionekana hadi nyufa zake. Masale yalikuwa kama uji wa kijani.

"Mbona mpaka wangu umeufuta?"

"Sijaufuta, mama. Kamera imechagua kuona mbali, ndiyo maana vya karibu vimefifia."

"Imechagua yenyewe?"

"Ndiyo."

"Kamera haina shemeji," alisema Elinipendo. "Wewe umeongea na Aminieli."

Nasrin aliondoka amekasirika. Pale Kwa Sadala, akinunua ndizi, alimuuliza muuzaji, huyo Aminieli ni nani, akasimuliwa kesi yote. Hapo na yeye akaanza kumshuku mama yule. Huenda hakujali picha hata kidogo, alikuwa anatafuta shahidi. Nasrin hakutaka kesho aitwe barazani kueleza masale yalisimama wapi. Akafikiria kutafuta mahali pengine.

Lakini studioni, alipoikuza ile picha hadi ukubwa wa ukuta, aliona haifai. Mlima ulianza kuvunjika vipande vidogovidogo, na ule uji wa mbele ulikuwa umechukua karibu nusu ya picha. Mama alikuwa na shuku zake, lakini jicho lake halikukosea.

Akatoa kabatini kamera kubwa ya baba yake. Ilitumia mkanda mpana, negativu yake ikizidi ya kawaida mara kadhaa, na picha yake ingeweza kukuzwa bila kuchakaa. Lakini kadiri mkanda unavyokuwa mpana, ndivyo inavyokuwa vigumu kuweka vya karibu na vya mbali wazi kwa pamoja. Ingebidi abane tundu la lenzi karibu mwisho, na hapo mwanga ungeingia polepole, kwa hiyo stendi ya miguu mitatu ilihitajika, na upepo utulie. Fokasi pia angeizungusha kwa mkono. Akiiweka mlimani, masale yangepotea. Akiiweka kwenye masale, mlima ungepotea. Aliamua kuiweka kwenye mfongo, katikati ya njia, ili uwazi utawanyike mbele na nyuma.

Alirudi kihambani asubuhi moja, mawingu hayajapanda. Hajamaliza kukaza stendi, Aminieli akatokea upande wa pili wa masale, mzee mrefu aliyevaa koti la kazi.

"Nani amekuita kupima?" aliuliza. "Baraza halijaamua."

"Sipimi, mzee. Ni kamera."

"Mbona unatazama chini? Anayepiga picha hutazama mbele."

Kamera ile ilitazamwa kwa juu, kwenye kioo. Elinipendo, aliyekuwa amesimama tena nyuma ya Nasrin, alikuwa wa kwanza kuinamia. Akainuka taratibu.

"Umenihamisha," alisema. "Kihamba changu kiko kulia. Nyumba yangu imekwenda kwa Aminieli."

Aminieli alivuka masale bila kuomba ruhusa, akainama naye. "Na migomba yangu imekwenda kwako," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa shemeji yake tangu msimu wa kahawa.

Nasrin aliwaeleza kwamba ndani mna kioo, nacho hugeuza kushoto kuwa kulia. Hawakumwamini, na kwa namna walivyotazamana aliona hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

"Mzee, nenda kasimame kwenye masale," alimwomba. "Nyoosha mkono wa kulia."

Aminieli alikwenda. Elinipendo alitazama kiooni, akatazama shambani, akarudi kiooni.

"Nyoosha na wa kushoto, shemeji," aliita. Kisha akasema polepole, "Anageuka kweli. Ni kama kioo cha kuchania nywele."

Wakabadilishana nafasi, kwa sababu Aminieli alitaka kuhakikisha mwenyewe. Wakati huo upepo ulitulia na majani ya migomba yakanyamaza. Nasrin aliwaomba wasogee, akapiga, akapiga tena, hadi wingu likaifunika Kibo.

Mkanda aliusafisha mwenyewe, na picha akaipeleka Arusha kukuzwa. Ilitoka wazi tangu masale ya njiani hadi theluji, kushoto kukiwa kushoto. Wenye hoteli waliipokea bila lalamiko. Nakala mbili ndogo alizipeleka Kwa Sadala, kwa sababu Elinipendo alikuwa amempigia simu kusema kwamba akipewa yeye peke yake, shemeji atadhani kuna njama.

Baraza la kata nalo lilikuja likatembea mpakani kwa miguu, likasema masale yapo palepale yalipokuwa siku zote. Elinipendo alikuwa na picha yake mkobani, imefungwa kwa kanga, lakini hakuna aliyeiulizia. Yeye na Aminieli sasa wanasalimiana, kwa ufupi.

Mwezi uliopita Nasrin alipanda tena kupiga mlima baada ya mvua. Elinipendo alimletea maziwa, akaketi kando ya stendi akimwangalia mikono.

"Nikupige na wewe, mama?" Nasrin aliuliza.

"Piga mlima," alijibu. "Mimi bado nakuchunguza."