Shibiri na Kidole

Bibi fundi wa viraka pale Chula hakuwa na futi ya kupimia. Kila kiraka alikipima kwa shibiri, akaongeza kidole kila upande, akatia alama kwa kipande cha sabuni huku akinong'ona, “Mshono nao hula.” Mwanapili, aliye Kismayo siku hizi, kila akitandika blanketi lake la viraka huikumbuka siku alipompelekea fundi huyo leso ya marehemu mamake. Fundi akaitandaza, akapima, mkono ukasita: shibiri ile ingeyakata katikati maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Akavisukuma kando viraka vyote alivyokwisha kukata, akaanza upya kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwanapili akamwambia asijisumbue, ni nguo tu. Yule bibi hakuinua macho.

“Mwache mamako amalize kusema.”